Mali ya Msiba

Mtu akikwambia utani ni mchezo wa kuchekesha watu tu, mlete kwangu. Mimi Josepha Luhende nilinyang'anywa mtambo wa taifa kwenye kaburi la baba yangu mzazi, mchana kweupe, padri amesimama na maji ya baraka mkononi, na ukoo mzima ukacheka. Mpaka leo nikipita sokoni Tabora wapo wanaoniuliza, "Dada, vipi, umeacha nini msibani safari hii?"

Nianze na mtambo, maana wengine huanza na kaburi wakaishia hapohapo wakishika mbavu.

Mwaka wa sabini na mbili wakubwa waliamua kwamba nchi yetu nayo iwe na jicho angani. Setilaiti hatukuwa nayo. Tungeitoa wapi, watu ambao hata baiskeli ya ofisi tulikuwa tukiigombea? Setilaiti zilikuwa za wenye nazo. Lakini zile za hali ya hewa zilipita juu ya vichwa vyetu kila siku zikipiga picha za mawingu na kuzimwaga chini kwa mawimbi ya redio, na yeyote mwenye mtambo wa kuzidaka alizidaka bure. Basi tuanze kudaka, wakasema, halafu siku moja tutarusha ya kwetu. Kikaundwa Kitengo cha Anga. Na kwa kuwa Tabora iko katikati ya magharibi yote na reli inafika, mtambo ukaletwa Tabora, na mimi niliyekuwa nimerudi juzijuzi kutoka masomoni Ulaya nikafanywa mkuu. Mkuu wa nini? Wa chumba kimoja cha matofali kilimani, fundi mmoja aitwaye Silasi, na mchwa.

Jamani, mchwa wale! Walikula meza, wakala mguu wa kiti, wakahamia kwenye nyaya. Tukipaka oili chafu, wanasubiri ikauke, wanarudi. Umeme nao ulikuwa na tabia ya kukatika picha ikiwa nusu. Niliagiza wizarani karatasi za picha, zile maalumu zenye dawa, nikaletewa katoni nzima ya karatasi za chooni. Nilipozirudisha, wakanitaka maelezo kwa nini nimezirudisha pungufu. Nusu yake ilikuwa imeliwa na mchwa, niwaeleze nini zaidi?

Na eriali. Eriali yenyewe ilikuwa chuma kizito kilichojisokota kama chango, imesimama juu ya paa, na ilibidi izungushwe kwa mkono kuifuata setilaiti tangu inapochomoza kaskazini mpaka inapozama kusini. Ukichelewa kidogo tu, picha inageuka chuya. Mkono wa kuizungushia ulivunjika ndani ya behewa kabla haujafika kwetu. Silasi akaenda dukani kwa Sultanali mjini, akaomba mkono wa cherehani mbovu, akauchonga na kuupachika. Ukashika. Bila mkono ule eriali haikusogea hata ungeleta mafahali.

Huyo Silasi alikuwa Mgogo. Na mimi ni Mnyamwezi. Anayejua ameshaelewa, lakini nitaeleza. Babu zetu walikuwa wapagazi, walibeba pembe kutoka huku kwetu mpaka pwani, na katikati ya njia ilikuwa lazima wapite Ugogo, ambako maji hayapatikani ila kwa kulipia. Wakagombana na Wagogo kwa sababu ya maji, wakapigana, mwisho wakachoka wakawa watani. Hukohuko pwani wakawa watani wa Wazaramo waliowapokea na mizigo yao. Mtani anakutukana, anakuvua kofia, anakula chakula chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Na ukifiwa, mtani ndiye mwenye msiba. Anavaa nguo za marehemu, anaiga sauti yake, anachukua kitu anachokitaka, nacho ni mali ya msiba, hupewi mpaka ukikomboe.

Kila asubuhi Silasi aliniamkia hivi: "Mwangaluka, mpagazi. Leo umebeba nini?" Na mimi mkuu wake wa kazi!

Sasa baba. Mzee Luhende alikuwa mtu wa reli, miaka yote alipunga bendera stesheni ya Igalula, kisha akastaafu akajenga upande wa Kipalapala, jirani na mashamba ya seminari. Ndugu zake walinicheka na mtambo wangu, yeye hakucheka. Nilipomwambia setilaiti ina ratiba yake na haichelewi hata dakika, alishangaa kabisa. "Treni gani hiyo isiyochelewa?" akauliza. Tangu hapo, ikikaribia saa tatu asubuhi, alitoka nje na koti lake la reli na bendera yake ya kijani, akatazama juu, akapunga. Haioni, haimwoni, anapunga tu. Jioni nikifika nyumbani, swali lilikuwa moja.

"Tumo?"

Maana yake, je, Tabora imo kwenye picha ya leo? Na mimi kila siku nilikuwa na jibu la kuudhi. Picha imekatika ikiwa imefika Ziwa Viktoria, umeme umezimika. Au picha imefika lakini juu yetu ni wingu tupu. Au mchwa.

"Hatumo, baba. Kesho."

"Haya. Kesho," anasema, anakwenda kulisha jogoo wake.

Ilikuwa inaniuma kuliko ninavyoweza kusema. Na si kwa ajili yake peke yake. Miaka ile watu walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, wengine mpaka kule Usinge kandokando ya msitu, wamewekwa pahala ambapo hawajui mvua yake inatoka wapi, wanapanda kwa kubahatisha, jua linachoma mbegu, wanapanda tena. Mimi nilikuwa na chombo kinachoweza kuwaambia wingu liko wapi, na nilishindwa kwa sababu ya mchwa na nyaya.

Mwisho wizara ikachoka nasi. Ikaletwa habari kwamba anakuja Ndugu Mfaume kutoka Dar es Salaam kuamua. Akiona kwa macho yake picha inatoka, mtambo unabaki Tabora. Asipoona, unapandishwa treni, unakwenda Dar, Kitengo kinakufa. Atafika asubuhi, ataondoka jioni ya siku hiyohiyo. Basi. Tuliziba, tulipaka oili, tulibadilisha nyaya, nikamwendea meneja wa umeme mpaka nyumbani kwake, nikamwapisha kwamba asikate umeme saa ile. Aliapa kwa Mungu, na mke wake akawa shahidi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo baba akafariki. Alikuwa akila, akaweka tonge sahanini, akasema amechoka, akaegama, basi.

Sikulia. Niseme nini? Nilikuwa na hasira, nilimkasirikia hata yeye. Siku zote hizo, baba, ukachagua hii! Wazee walikaa, wakapanga mazishi saa nne asubuhi, kwa sababu padri wa kutoka Kipalapala alikuwa na safari mchana. Niliwaomba wasogeze mpaka alasiri, wakanitazama kama nimevua nguo. Nikapiga hesabu yangu kimyakimya. Setilaiti inapita saa tatu. Nakimbia kilimani, nazungusha, picha inatoka, Ndugu Mfaume anaona, nateremka, nazika. Inawezekana. Silasi na mimi tutaweza.

Kulipopambazuka Silasi akaingia msibani. Amevaa koti la reli la baba, mikono imemfika vidoleni, ameshika bendera ya kijani, anapiga filimbi. "Abiria wote wa Igalula!" anaita kwa sauti ya baba ile ile ya puani. "Treni ya mbinguni imechelewa, nendeni mkalale!" Akina mama waliokuwa wakilia wakacheka na kamasi zao. Mama mkubwa alimrushia mchi, akaudaka, akasema huo nao ni wake. Mimi nikamvuta pembeni.

"Silasi, inatosha. Twende kilimani."

"Nani? Mimi nimefiwa," akasema, akajifunga kanga kiunoni.

"Silasi!"

"Mpagazi, kaa na wenzako. Usinisumbue."

Nikamwacha, nikaenda peke yangu. Nilipanda kilima kile nikihema. Umeme upo! Ajabu ya Musa, umeme upo, mashine inanguruma vizuri, karatasi ipo, mchwa hawapo. Nikapanda paani. Mkono wa eriali haupo. Pamebaki tundu, na kwenye tundu Silasi amechomeka suke la mtama, chakula cha kwao Ugogo.

Nilipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Nilijaribu kuisukuma eriali kwa mabega, kwa miguu, kwa gongo, haikutikisika. Nikateremka mbio, nusu ya kanga imebaki kwenye miiba, nikamkuta Silasi amekaa katikati ya wazee anakunywa uji wa msiba.

"Uko wapi?"

"Nini?"

"Mkono! Mkono wa eriali, mwanaharamu wewe!"

Wazee wakaguna. Baba mdogo, mdogo wake baba, akanishika bega. "Josepha, mtani hatukanwi kwa hasira. Amechukua nini?"

"Amechukua mkono wa mtambo! Mgeni wa serikali anakuja sasa hivi!"

"Ni mali ya msiba," akasema Silasi. "Akitaka aukomboe. Lakini kwanza azike."

"Kazi yako pia inakwisha, mjinga wewe! Unajua au hujui?"

Akaweka bakuli chini. Akasema kwa sauti ya chini, si ya puani tena, bila filimbi, "Najua, dada. Ile itapita na kesho. Mzee hapiti tena. Ungezika huku roho iko juu ya paa, ungejuta maisha yako yote."

Nilitaka kumpiga. Kwa kweli mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini hapo saa tatu ikafika, na wazee wakaingia ndani kumtoa baba, na mimi nikasikia jeneza likigonga mwimo wa mlango, nikajikuta nakwenda kushika. Juu ya paa letu setilaiti ilipita na picha yake yote, haikudakwa na mtu.

Tulikuwa tumeshafika kaburini, padri ameshafungua kitabu, ndipo Ndugu Mfaume akatokea. Alikuwa amekwenda kilimani, akangoja juani, hakuona mtu, akaelekezwa msibani. Alikuja na suti ya kaunda, viatu vimejaa vumbi, uso umekunjamana. Mimi nikajua nimekwisha. Nikamwendea.

"Ndugu Mfaume, naomba radhi. Baba yangu..."

"Pole, dada," akasema. Akatazama kaburi, akatazama watu. "Marehemu ni kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mnyamwezi!" Uso ule ukafunguka. "Na mimi Mzaramo! Mnazika Mnyamwezi bila kunipa habari?"

Kabla sijamzuia amevua viatu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Akavua kaunda, akampa padri ashike, akashuka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Ndugu, toka tuendelee," padri akasema, naye alionekana amechoka kabisa.

"Sitoki!" sauti ikatoka chini. "Babu yake huyu alikuja kwetu Uzaramo na pembe begani. Alilala kwetu, alikula kwetu, akaondoka na chungu cha bibi yangu. Leo mjukuu wake anataka kulala humu bure? Nilipeni!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Baba mdogo alimletea kuku. "Huyo amekonda, mleni wenyewe," akasema Mfaume. Wakampa koti la reli, akasema limeshavaliwa na Mgogo, lina chawa. Silasi akamtukana kutoka juu, akajibiwa kutoka chini, na jua linapanda, na baba yangu yumo ndani ya sanduku anangoja.

"Basi unataka nini?" baba mdogo akauliza.

"Nataka ule mtambo wa kilimani."

Nilimwona Silasi akiacha kucheka. Nikafungua mdomo. Lakini baba mdogo wangu, Mungu amrehemu, ambaye hata siku moja hakupanda kile kilima, ambaye aliuita mtambo wangu "ule mti wa chuma", alitupa mkono hewani.

"Chukua! Chukua na chumba chake! Toka humo tumzike ndugu yetu!"

"Mmesikia?" Mfaume akainuka, mchanga unamwagika mgongoni. "Mbele ya maiti, amesema chukua!"

"Chukuaaa!" ukoo mzima ukaitikia, wanapiga makofi.

Akatoka, akavaa, akashika sepetu, na kusema kweli alizika kwa nguvu kuliko wajomba zangu. Mimi nilitupa mchanga wangu, sioni hata ninapoutupa.

Jioni stesheni nilimfuata. Nikamwambia Ndugu Mfaume, ule ulikuwa utani, naomba ukae siku moja tu, kesho saa tatu utaiona picha. Akatabasamu. "Dada Josepha, mimi nilikuja na mawazo mawili. Wazee wako wamenipunguzia kazi. Utakwenda kunishtaki wapi? Utasema nimepewa kaburini?" Na kweli, ningesema hivyo kwa nani? Mzee gani wa Tabora angesimama akasema kilichotolewa mbele ya maiti kirudishwe? Baba mdogo alipoelewa alichokifanya alikaa ndani, hakula. Lakini aliponiita alisema neno moja tu: "Tumempa, mwanangu. Hatuwezi kula matapishi."

Wiki ile ile mtambo ukafungwa sandukuni, ukapanda treni. Silasi sikumsemesha, nilikuwa nimemchukia kiasi kwamba nikiona kofia yake tu napandwa na wazimu. Mchwa wakakirudia chumba.

Niliwekwa ofisi ya kilimo kuhesabu magunia ya mbegu. Nilivumilia mpaka masika yakapita, kisha nikaomba likizo, nikapanda treni kwenda Dar es Salaam kudai mtambo. Nilijua ni upuuzi, lakini nilikwenda. Wizarani wakaniambia Ndugu Mfaume yuko kikaoni, njoo kesho. Kesho wakasema kesho. Kila siku ni kesho, na karani yule yule anakula mihogo ile ile. Siku moja nilipokuwa nikitafuta choo nikapita uani, nikaona banda la mabati, na ndani yake, nyuma ya mifuko ya saruji iliyoganda, sanduku langu. Ubao mmoja uling'olewa, haukurudishwa. Kuku wa mlinzi alikuwa ametagia ndani, anaatamia juu ya mashine ya picha.

"Huo mbovu," mlinzi akaniambia. "Wataalamu walikuja wakajaribu. Hauzunguki. Kuna kipande kimepungua."

Nikasimama pale. Kipande kimepungua. Silasi! Mgogo yule hakukitoa! Mali ya msiba haijakombolewa, basi ameiweka, wala hakumwambia mtu. Nilicheka peke yangu bandani kama kichaa, mlinzi akasogea mbali. Halafu nikawaka upya. Walikuwa na mtambo usiowafaa kitu, wanaozesha, na bado wananiambia njoo kesho!

Kesho yake nilipofika, ofisi ilikuwa kimya. Karani hakuwa na mihogo.

"Ndugu Mfaume amefiwa na mama yake. Wanazika leo alasiri, Kisarawe. Lori linaondoka sasa hivi."

Nikapanda lori.

Msibani nilimkuta amekaa mkekani na wanaume, macho yamevimba, kanzu imepinda, hata kofia hakujua kama ameivaa. Mtu ambaye nilikuwa nimemchukia miezi yote hiyo. Roho ikaniambia, Josepha, rudi. Mwache azike mama yake. Niligeuka kabisa, nimeshashika njia ya kwenda barabarani. Kisha nikasikia ndani wanamtoa maiti, wanamswalia Mtume, na jeneza likagonga mwimo wa mlango. Sauti ile ile. Miguu yangu ikarudi yenyewe. Nikavua viatu, nikapita katikati ya watu, nikajilaza kizingitini, chali, nimeziba mlango mzima.

"Nani huyu?" wakaulizana.

"Mnyamwezi!" nikapiga kelele. "Bibi haondoki! Babu yangu alimletea pembe, akamwachia na moyo wake, bibi akakana! Leo anataka kukimbia deni? Sitoki!"

Mzee mmoja akacheka, halafu mwingine. Wakazi wawili wa pale, Wanyamwezi waliobaki tangu enzi za mashamba ya mkonge, wakaja wakajilaza kando yangu wakishangilia. Wakanipa kanga, nikakataa. Wakanipa nazi, nikasema za kwenu zina mdudu. Jeneza liko juu ya kichwa changu, mabega ya waliolibeba yanatetemeka kwa kicheko na kwa uzito.

"Unataka nini, Mnyamwezi?" mjomba wake Mfaume akauliza.

"Nataka mtambo wangu. Uko bandani, kuku ameutagia. Mwanenu alinichukulia kaburini kwa baba yangu."

"Mtambo ndio nini?"

"Chombo cha kutazamia mvua."

Mjomba akageuka. "Mfaume, unacho?"

Mfaume alinitazama. Nilidhani atasema ni mali ya serikali, nilidhani ataita askari. Kicheko kikamtoka, na machozi yaliyokuwa yamekauka tangu asubuhi yakamwagika. Alilia kwa sauti kama mtoto, anacheka, ameshikilia mwimo wa mlango.

"Ninacho, mjomba."

"Basi mpe, mama yako akapumzike!"

"Chukua," akasema. "Chukua, dada. Mbele ya mama yangu, nimekurudishia." Nikainuka, naye akanishika mkono. Sikuwa na hasira naye tena, na hilo nalo liliniudhi.

Hakuwa mtu wa kauli mbili. Mtambo ulifika Tabora ndani ya behewa la mizigo, na yai moja limevunjikia ndani. Nilimkuta Silasi ananingoja stesheni na koti la baba, anapunga bendera.

"Mkono," nikamwambia.

"Ukomboe."

"Silasi, nitakuua."

"Nataka jogoo wa mzee."

Jogoo yule alikuwa mzee kuliko TANU. Nikampa. Alimchemsha siku nzima, hakuiva, akanyonya mchuzi tu. Lakini mkono ukarudi tunduni.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa tayari, Silasi juu ya paa, mimi chini kwenye mashine. Saa tatu ikafika. Sauti ikaanza kulia kwenye redio, tik, tik, tik, na karatasi ikaanza kutoka mstari kwa mstari. Ziwa Viktoria likatoka, jeusi. Nikashika ukingo wa meza nikiomba umeme, namtaja meneja na mke wake shahidi. Haukukatika. Shinyanga ina mawingu. Kisha mawingu yakaachana, na pale katikati, kati ya Viktoria na Tanganyika, ardhi ikatoka ya kijivu, tupu, bila doa la wingu. Tabora. Igalula. Usinge. Kipalapala na kaburi lake. Sote.

Silasi akaita kutoka juu, "Vipi huko, mpagazi?"

Niliichana karatasi ikiwa bado na unyevu, nikateremka nayo, nikaenda moja kwa moja mpaka Kipalapala. Silasi alinifuata nyuma na bendera. Nikaitandika picha juu ya kaburi, nikaweka kijiwe kila pembe upepo usiichukue, na hapo kilio nilichokuwa nimekizuia tangu siku ile kikanitoka chote. Silasi alikaa kando, akavua kofia, hakufanya utani hata mmoja.

"Tumo, baba," nikamwambia. "Tumo."